Milango Iliyonyamazishwa kwa Ajili ya Mama

Gari langu lilikuwa na kelele kushinda nyumba ya harusi. Milango yote minne ilitetemeka kila tulipogusa lami mbovu, vioo vikicheza na upepo ukipiga mluzi. Miaka yote sikujali, kwa sababu mama yangu alikuwa na sauti ya kuzishinda kelele hizo. Kila Jumamosi tulitoka Malindi mjini kwenda Gede, kwenye shamba lake la minazi, na njia nzima alizungumza: nani kaoa, nani kaachwa, nani kaunguza biriani na bado akawaalika watu.

Kisha akapasuliwa rovu la shingoni. Operesheni ilikwenda salama, lakini sauti ikabaki ya kunong'ona, na daktari akamkataza kuipaza asije akaipoteza kabisa. Nyumbani tulijua la kufanya: tulizima feni, tukasogeza viti. Garini hatukuweza. Mama alisema, nami nikauliza "Wasemaje?" Akarudia, nikauliza tena, hata akageuzia uso dirishani. Shambani nikawa mpiga mbiu wake. Nami hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo neno lake la upole likipita kinywani mwangu lilitoka ugomvi, na wafanyakazi wakanuna.

Jumamosi moja akakataa kwenda.

"Safari ya kukaa kama gunia siiwezi," aliniambia, mdomo karibu na sikio langu. "Na shamba mpe kaka yako. Mimi limenishinda."

Kaka yangu siku nyingi alikuwa akitaka kulikata viwanja. Nampenda kaka yangu, lakini nilijua akilipata hautabaki hata mnazi mmoja wa kufungia mbuzi. Mama naye, akikosa shamba, angebaki kuzitazama kuta. Niliogopa sana. Nikatoka kutafuta fundi wa kulinyamazisha gari.

Mtaa wa Barani, hapo hapo Malindi, kuna fundi wa viti na redio za gari, mtu wa bara, ambaye karakana yake unaisikia kabla hujaiona. Wateja wake ni vijana wanaotaka spika kubwa. Huwabandikia mikeka mizito ndani ya milango ili bati lisitetemeke na muziki upige vizuri. Akaniuliza nataka kuweka spika gani. Nikamwambia hakuna spika, kuna mama. Nikamweleza. Akazima muziki wake, na jirani mmoja akatoka nje kuuliza kama kuna msiba.

Mtu huyu hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijisifu tangu anaposhika bisibisi mpaka anapoiweka chini, na watu wa kujisifu hunichosha. Ila ukimwona kazini unamsamehe yote. Kwanza alitaka mama aletwe. Akamwambia shikamoo, akakaa kiti cha nyuma, akanituma niendeshe kwenye barabara ya vumbi huku mama akizungumza lolote kwa sauti yake ya sasa.

"Nikikosa kumsikia, nitainua mkono," alisema. "Ndivyo nitajua kazi iko wapi."

Aliuinua mkono ule tulipoondoa gari, na hakuushusha mpaka tuliporudi. Mama alicheka hadi akakohoa.

Fundi akavua ubao wa ndani wa kila mlango, vibanio vyake vya plastiki akivitoa kimoja kimoja bila kuvunja hata kimoja. Ndani tukaona mchanga, kutu na chumvi ya miaka. Akasafisha kwa thina mpaka bati likang'aa. Kisha akaligonga kwa vidole, huku na huku, akitia alama ya chaki kila palipolia. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari la mtu. Akainuka, akaja naye kugonga. Mtu aliyekulia kwenye minazi hugonga nazi tangu utoto ili ajue iliyojaa na isiyo kitu. Akaonyesha mahali pamoja kwa kidole. Fundi akagonga hapo, akasikiliza, akacheka, akatia alama ya chaki.

Mikeka yenyewe ni myeusi, hunata kama lami, na mgongoni ina karatasi ya kung'aa. Aliitandaza juu ya boneti, jua letu likailainisha, kisha akaibandika na kuikandamiza kwa rola ndogo, akirudia na kurudia mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Nikaona ameacha matundu chini ya mlango, nikamwamuru ayazibe.

"Hapana, madam. Hiyo ni njia ya maji ya mvua. Ukiziba, na hii chumvi yenu ya pwani, mlango utaoza kutoka ndani."

Juu ya mikeka akaweka sponji. Kisha akabadilisha raba za vioo, akisema mikeka bila raba ingekuwa kunidanganya, maana nusu ya kelele ilitoka huko.

Tukarudi barabara ile ile ya vumbi. Mama akazungumza, na mkono wa fundi ukabaki gotini.

"Mama, sauti yako haina shida," alisema. "Shida ilikuwa gari."

Mama akageuka kumtazama. Tangu atoke hospitali sote tulikuwa tukimpa pole tu.

Jumamosi iliyofuata alipanda gari bila kuombwa. Tulipopita uwanja wa ndege nikasikia, wazi kabisa, mnong'ono kutoka kushoto kwangu: "Punguza mwendo, hukimbizwi." Sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile.

Shambani mkwezi alikuwa juu ya mnazi. Nikafungua kinywa nimwite, mama akanishika mkono. Akasimama pale chini, mtandio wake umetulia mabegani, akingoja. Mkwezi alituona, akaendelea kidogo, akatuona tena bado tumesimama. Akashuka mnazi wote, akafuta mikono, akaja mbele yake na kumwamkia. Alipoona midomo ya mama inatikisika, akainamisha kichwa.

Walizungumza juu ya madafu na juu ya mnazi mmoja ulioingiwa na wadudu. Mimi nilikuwa kando, sina kazi. Kisha mkwezi akauliza lile lililokuwa likimkera.

"Mama, twasikia shamba lakatwa viwanja."

"Mwasikia kwa nani?"

"Watu wasema."

"Mimi sijasema," mama akanong'ona.

Mkwezi akaitikia kwa kichwa, akaufuata mnazi wake, akapanda tena.