Kocha Msaidizi Aliyeniita kwa Kidole

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoitwa kwa kidole. Si kwa jina, si kwa "samahani kaka", si hata kwa "wewe". Kidole kimoja, kinakunjwa na kukunjuliwa, na filimbi juu yake. Nikageuka nyuma kutazama kama kuna mbwa.

Najua unachotaka kusema: huyu ananiita mwanangu wakati tumepishana miaka michache tu. Nivumilie. Hapa Dallas mtu akishaoa, akapata watoto wawili wanaomjibu kwa Kiingereza, na goti lake likaanza kutabiri mvua, huyo ni mzee kamili, tena mzee wa baraza. Kule Tanga ningekuwa bado natumwa dukani. Basi kaa usikilize.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nasoma chuo kimoja hapa mjini, mkubwa kuliko wanafunzi wote darasani na baadhi ya walimu. Na nilikuwa golikipa wa timu ya chuo ya hoki ya barafu. Cheka umalize. Hata mama yangu alicheka mpaka akamkabidhi jirani simu. Mtoto wa Tanga, ambako barafu tuliyoijua ni ile ya ukwaju ya kwenye kifuko, unang'ata pembe unanyonya, leo amesimama juu yake na fimbo mkononi.

Ilianza hivi. Nilipata kibarua kwenye uwanja wa barafu, nagawa viatu vya kuteleza kwa watoto wanaokuja na sherehe zao za kuzaliwa. Timu ya chuo chetu ilikuwa inafanya mazoezi pale pale, na kocha wao msaidizi alikuwa mzee mmoja wa mvi tupu, jina lake Walt. Akaniuliza kama nimewahi kucheza mchezo wowote. Nikamwambia sekondari nilikuwa golikipa wa mpira wa miguu. Akasema golikipa ni golikipa, akanivalisha mavazi mazito kama godoro, akanisukumia golini. Kwenda mbele nilijifunza upesi. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka mzima nilisimama kwa kugonga ukuta.

Yule mzee nilimpenda kama mzazi. Kila jioni nilimwamkia "Shikamoo", naye nilikwishamfundisha kuitikia "Marahaba", anaivuta kwa lafudhi yake ya Texas mpaka inakuwa ndefu kama jina la mtaa. Akiniambia niruke, naruka. Jina langu Mwinjuma lilimshinda, akaniita Juma, nami nikaridhika, kwa kuwa mzee hakosei jina, anafupisha.

Kisha Mzee Walt akastaafu, akawafuata wajukuu zake jimbo la mbali. Akaletwa msaidizi mpya anaitwa Kyle. Mwanangu, Kyle alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana kama zitoke au zisitoke. Siku yake ya kwanza ndiyo hiyo ya filimbi na kidole.

Sasa lazima ujue nilichokuwa nacho mkononi wakati ule, usije ukadhani nilikuwa nagombania mchezo tu. Nilikuwa nimemposa Rehema. Yeye alikuwa nesi kule Houston, anaishi mtaa wa Alief na baba yake, Mzee Omari, mtu asiyepoteza neno. Washenga walipofika kwake aliwapokea vizuri, akawalisha, kisha akasema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu anayechezea barafu bila kumwona kwa macho yake. Timu yetu ilikuwa na mechi Houston msimu ule. Mzee Omari akasema atakuja uwanjani, na baada ya hapo atatoa jibu. Rehema akanipigia simu, akaniambia, "Baba ame-confirm, anakuja. Tafadhali, usiniaibishe."

Ungekuwa wewe, si ungefanya mazoezi mpaka ukavunjika mgongo? Mimi nilinuna.

Nilinuna kwa kanuni. Nilimsubiri Kyle anisalimie kwanza, kwa kuwa mdogo ndiye huanza. Hakunisalimia. Akipuliza filimbi, natazama dari kama fundi anayekagua uvujaji. Akisema nisogee kushoto, nasogea kushoto kwa mwendo wa bibi harusi. Akiita makipa wote wajifunze jambo jipya, mimi kamba ya kiatu changu inafunguka, nainama kuifunga mpaka somo liishe. Watu wa kwetu huu tunauita mgomo baridi, na siamini kama umewahi kufanyika mahali panapostahili zaidi. Moyoni nilijiambia: nimekula chumvi kabla huyu hajaota meno, leo aniamuru kwa kidole!

Ndipo ikatangazwa timu ya kwenda Houston. Golini ataanza Brandon, kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi benchi.

Nikahisi nimeonewa mbele ya mbingu na ardhi. Mmarekani akionewa huandika barua pepe. Mimi niliita wazee.

Nilimpigia Mjomba Saidi, kaka wa mama yangu, aliyekuwa anaishi Garland, mji wa jirani, na kuheshimiwa na Watanzania wote wa huku kwa sababu aliwahi kuzima magomvi matatu ya kamati za harusi. Nilimweleza kwamba nimedhalilishwa na mtoto. Nilimwomba pia Papa Bahati, jirani yangu kule Vickery Meadow, Mkongo wa Bukavu, mzee wa kanisa, mtu wa haki. Nikawaambia waje waongee na kocha mkuu, wakubwa kwa wakubwa, kama inavyofanyika kwetu mtoto wa watu akionewa. Nilikuwa na hakika Kyle ataombwa aniombe radhi, na golini nitarudi.

Wakaja kweli. Mjomba alivaa kanzu, koti la suti na kofia. Papa Bahati alivaa suti yake ya ibada yenye vifungo vya dhahabu. Wakaingia uwanja wa barafu katikati ya mazoezi, wanatetemeka, wanatembea pembezoni wakishikana mikono wasianguke. Kocha mkuu akawaona, akasimamisha mazoezi, akaja kwangu uso umembadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hakuna msiba, ni kikao. Hakuelewa, lakini alikuwa mtu muungwana, akatupeleka kwenye chumba kidogo cha vifaa, tukakaa katikati ya soksi zilizoloa. Kyle akaitwa naye, akaja masikio mekundu.

Mjomba akafungua kikao. Akamshukuru Mungu, akaulizia afya ya kocha mkuu, ya mkewe, ya watoto, akaulizia timu kwa jumla. Kocha mkuu akatazama saa ya ukutani. Baada ya utangulizi huo, Mjomba akamwambia Kyle aanze kueleza, kwa kuwa mshtakiwa husikilizwa kwanza. Nikaona mambo yananiendea vizuri.

Kyle akaanza kuongea, anatazama sakafu. Akasema uwanjani kelele ni nyingi, na kipa amevaa kofia ngumu inayoziba masikio, hivyo makocha wengi huita kwa filimbi na mkono. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema alikataa kuniita Juma kama alivyoniita Walt, kwa sababu aliona kwenye karatasi ya usajili kwamba jina langu ni refu kuliko hilo. Alikuwa analifanyia mazoezi ndani ya gari akienda nyumbani, lakini halijakaa sawa mdomoni, na aliogopa kulikosea mbele ya watu kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Kisha akalijaribu pale pale. Likatoka limevunjika mahali pawili, lakini lilikuwa jina langu.

Mwanangu, nilitamani nijifiche ndani ya soksi mojawapo.

Papa Bahati hakujua Kiingereza cha kutosha, basi Mjomba alikuwa anamnong'oneza. Alipomaliza kusikia, akanigeukia mimi, si Kyle. Akasema, "Ile siku nilifika Amerika, mutoto wangu, mvi yangu niliacha ku airport. Kule Garland, kazini, chef wangu, ule mukubwa wa kazi, iko kijana wa miaka makumi mbili na tatu. Akiniita, ninaenda. Kazi haiangaliaka mvi." Kisha akaniuliza, "Huyu alikutukana? Alikupiga? Basi iko matata gani, zaidi ya ile kiburi yako?"

Mjomba Saidi akaniambia, "Watafsirie wenyeji. Yote, na usipunguze."

Na hapo ndipo nilipoona joto la jiwe katika nyumba ya barafu. Nililazimika kutafsiri hukumu yangu mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya kocha mkuu na Kyle. Nilifikiria kulegeza lile neno la kiburi, lakini Mjomba alikuwa amesoma, na macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu. Nikalisema kama lilivyo. Nikamwomba Kyle radhi. Naye akauliza kama kuna namna ya kumwita mtu kwa mkono isiyo na matusi. Mjomba akamwonyesha: kiganja chini, vidole vyote pamoja, kama unavyomwita mgeni aje mezani. Wiki ile ile timu nzima ilikuwa inaitana hivyo.

Nikadhani sasa yamekwisha, golini narudi. Kyle akasema kwa upole kwamba yote ameyasikia, amenisamehe, lakini Brandon amefanya mazoezi na mimi sikufanya, kwa hiyo Houston nitakaa benchi. Nikafungua mdomo. Papa Bahati akanitazama. Nikaufunga.

Rehema nilimweleza kwenye simu. Akasema, "Sawa. Baba ameshakata shauri kuja, siwezi kumzuia."

Siku ya mechi Mzee Omari alikaa safu ya mbele, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, kofia imevutwa hadi masikioni. Mimi nilikuwa benchi, na kazi ya kipa wa benchi katika hoki ni moja. Wachezaji hubadilishana kila baada ya muda mfupi kwa sababu mchezo unachosha, na benchi lina kimlango. Kipa wa akiba hukaa karibu na kimlango, anafungua wachovu waingie na wenye nguvu watoke. Ndiyo kazi niliyofanya mbele ya baba mkwe mtarajiwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kyle alikuwa nyuma yangu, sauti imemkauka, anapiga kelele, "Mlango! Mlango, haraka!" Nami nafungua. Nilipochelewa mara moja, kijana akajigonga nyonga, Kyle akanikaripia mbele ya watu wote. Nikamjibu, "Ndiyo, kocha." Jasho lilinitoka mahali ambapo watu wengine walikuwa wanatetemeka. Tulifungwa, tena vibaya. Nikajua nimekosa vyote, mechi na mke.

Usiku huo nilikaribishwa kwao Alief. Tulikula pilau. Rehema alikuwa anapita na vyombo bila kunitazama. Chai ilipoletwa, Mzee Omari akaniuliza.

"Yule kijana aliyekuwa akikufokea, ni mkubwa wako?"

"Hapana, baba. Nimemzidi miaka saba."

"Na kila alipokwambia fungua, ulifungua."

"Nilifungua, baba."

Akakoroga chai, akaionja, akaongeza sukari. Nikasubiri pigo.

"Rehema naye umemzidi miaka saba," akasema. "Na kelele zake ni zaidi ya zile. Mchezo wenyewe sikuuelewa hata kidogo. Nilitaka kujua kama utaweza kumsikia mwanangu akisema. Nimeona. Waambie wazee wako waje tupange siku."

Jikoni kuna kitu kilianguka kikavunjika.

Kyle hakudumu. Msimu uliofuata alipata timu kubwa kaskazini, akaletwa mwingine, tena mdogo kuliko yeye. Makocha wasaidizi ndivyo walivyo, hawakai. Ningeamua kumnunia kila anayekuja, hadi leo ningekuwa natazama dari. Yule wa pili nilimfuata mimi siku ya kwanza, nikamsalimia, nikamfundisha jina langu.

Basi mwanangu, sikia neno langu. Umri Mungu hukupa, cheo ni zamu tu, na zamu haiulizi nani alizaliwa lini. Mkubwa wako kazini akiwa mdogo kwako, usikae kumsubiri akusalimie; msalimie wewe, kwani heshima si utumwa. Akikuudhi, mwambie mapema uso kwa uso, udongo upatilize ungali maji, usiende kukusanya wazee kwa jambo ambalo maneno mawili yangelimaliza. Ukubwa ni jalala, na anayetaka kuwa mkubwa lazima akubali kutupiwa. Na kabla hujasema mtu amekudharau, muulize alikuwa na maana gani. Unaweza kukuta alikuwa peke yake garini, anahangaika na jina lako.

Mungu akupe wakuu wenye adabu, wawe wakongwe au watoto wa jana. Akupe nyumba yenye sauti mbili zinazosikilizana. Akuzeeshe salama, na masikio yako yasizeeke kabla yako. Amina.