Waya Alioukaza Otto

Watu wa mtaa wetu wa Msamala wanasema mume wangu Otto alikufa kwa presha. Waache waseme. Mimi Kunegunda, niliyemfulia makoti na kumchemshia vyombo vya kazi, ninajua kilichomkausha. Ni jino. Tena si lake, ni la mtoto wa Iddi.

Otto alikuwa tabibu wa meno wa serikali. Ilipokuja ile habari ya kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na koti lake jeupe mkononi. Alikaa barazani siku nyingi. Baadaye serikali hiyohiyo ikaruhusu watu binafsi kutibu. Nikamwambia, "Baba Sixbert, chumba cha mbele kinalala panya tu. Weka kiti." Akaweka.

Kung'oa wanajua wengi. Sifa ya Otto ilikuwa mataya. Walioanguka na baiskeli mteremkoni, wa Namtumbo walioporomoka kutoka juu ya malori ya tumbaku, wagomvi wa vilabuni, wote waliletwa wameshika kidevu. Otto alilifunga jino na jirani yake kwa waya mwembamba, kisha meno ya juu na ya chini, akasokota kwa koleo mpaka kinywa kikatulia. Mgonjwa alikunywa uji kwa mrija hadi mfupa ukaunga. Waliopona wakikutana naye sokoni walimwonyesha meno kabla ya salamu, na yeye alifurahi kama mtoto.

Sasa huyu Iddi alikuwa jirani yetu, Myao wa Nalasi. Alianza na korosho, biashara ilipofunguliwa akaingia kwenye mitumba, na mambo yakamnyookea. Binti yake Mwanaisha alikuwa na meno ya mbele yaliyopandana vibaya, hata akicheka anaziba mdomo kwa kanga. Iddi akampeleka Dar es Salaam kwa daktari wa kunyoosha meno. Likizo alirudi kinywa kinang'aa vyuma, na Msamala nzima ikaja kuchungulia.

"Iddi kamzungushia mtoto seng'enge!" walitania. Mwanaisha alicheka nao, mkono uko chini. Nilikuwa sijawahi kuona kicheko chake kizima, na kilikuwa kizuri jamani.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Niño. Barabara zilikatika, mabasi yakalala njiani, Mwanaisha akakwama nyumbani. Katikati ya mvua hizo ncha ya waya ikachomoka nyuma, ikawa inamchoma shavu. Iddi akamleta kwa Otto.

Otto akammulika. Vyuma vya namna hiyo alikuwa ameviona kwenye picha chuoni, zamani. Kila jino linagandishwa kidude cha chuma, waya unapita juu ya vidude vyote, na kila kidude kinafungwa kimpira cha kuushika waya. Kwa Mwanaisha hapakuwa na kimpira hata kimoja.

"Mipira yote imedondoka," Otto akasema. "Ndiyo maana waya unatembea."

"Hapana, baba," mtoto akajibu. "Daktari alisema hivi havina mipira. Vina vilango."

"Vilango! Apite nani humo?" Otto akacheka, Iddi naye akacheka. Kisha Otto akaikata ncha iliyokuwa inachoma. Laiti angeishia hapo! Akachukua waya wake wa mataya, akafunga kidude kwa kidude, jino kwa jino, akasokota. Machozi yakamtoka mtoto. "Vumilia, mwanangu. Kikiuma ujue kimeshika." Walipoondoka alinawa mikono akipiga mluzi.

Barabara ilipofunguka Iddi alimrudisha binti Dar. Walipokuja tena, alifika kwetu peke yake, akakataa kiti. Alikuwa na shanga za Mwanaisha mkononi.

"Mzee Otto, daktari alinieleza hivi." Akazivuta shanga huku na huku kwenye uzi. "Kila kidude kina kilango chake, na kilango kinajifunga chenyewe juu ya waya. Kinauzuia usitoke, lakini hakiubani. Waya unateleza ndani, jino linasogea polepole. Ukikaza, meno yanavutana kwa nguvu yasiyoiweza."

"Nilidhani mipira imedondoka," Otto akasema.

"Waya wako wote ameukata. Ila jino moja la mbele limekuwa jeusi, linacheza. Likishika tena, limepona. Lisiposhika, basi. Tusubiri, inshallah."

Mimi nikawaka. "Sasa yeye angejuaje? Nani alituletea hivyo vilango huku tuvione?"

"Mama Sixbert, sijamlaumu mtu," akasema Iddi, akaaga. Heri angetutukana! Mtu akikutukana una la kumjibu.

Tangu hapo Otto hakuwa na kazi nyingine duniani ila jino lile. Asubuhi, kabla hajala, alikwenda kwa Iddi, akaligusa kwa ncha ya kidole. Akirudi namuuliza, "Linashika?" "Linashika kidogo." Siku nyingine alikunywa maji akaingia ndani. Aliletwa mtu wa Namtumbo taya linaning'inia, Otto akatia mikono mfukoni, akamwambia aende hospitali. Msimu wa mahindi mabichi ukafika, kila ua linanuka mahindi ya kuchoma, Mwanaisha anakunywa uji. Mkono ulikuwa umerudi mdomoni. Nilikuwa nikimwona nageuza uso, kwa hasira na huruma pamoja.

Kisha shavu likavimba mpaka jicho likaziba. Iddi alitaka kumpeleka hospitali, mtoto akagoma. Wakaja naye kwetu anatetemeka kwa homa.

"Nataka Baba Sixbert," alisema.

Otto alikuwa chumbani. "Mama Sixbert, waambie siwezi."

"Toka humo!" nikamfokea. "Mtoto anaungua na wewe unajificha!"

Akatoka. Alivaa koti, vifungo akavikosea, nikamfungia upya. Mwanaisha akapanda kitini, akasema, "Shikamoo, baba," kwa shida, midomo imevimba. Otto aliitikia kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri. Akamchoma sindano ya ganzi, akangoja, akachukua koleo. Nilimshika mtoto kichwa. Iddi aligeukia ukutani, midomo inacheza kwa dua.

Mkono wa Otto ulijulikana mji huu kwa nguvu. Nilijikaza kusubiri ile sauti ya jino linapoachia. Haikuja. Koleo lilipogusa tu, jino likatoka, halikushikilia popote. Akalilaza kwenye kiganja akalitazama, nami nikaliona. Mzizi haukuwapo. Ulikuwa umeliwa wote, kimebaki kipande cha juu cha jino tu, kidogo kama punje ya mahindi. Muda wote ule alipokuwa ananiambia linashika kidogo, hapakuwa na cha kushika.

Otto akafumba kiganja. Mwanaisha alikuwa bado amefumba macho, ameng'ang'ania mikono ya kiti.

"Bado, baba?" akauliza.

"Tayari, mwanangu."

Akafumbua jicho moja, akamtazama kwa mshangao, akatabasamu na damu yake mdomoni.

"Ahsante, baba. Hujaniumiza hata kidogo."