Mpira Uliorudi

Mpira uliompiga Delmar Hruska usoni aliurusha yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyowajibu watu wa kwao Wilber, Nebraska, walipotaka kujua nani alimvunja shavu. Wakicheka, naye alicheka, halafu upesi akageuza mazungumzo: mahindi, mvua, bei ya nguruwe.

Kazi yake ilikuwa kurusha mpira wa besiboli. Alianza akiwa kijana mrefu asiye na nyama mwilini, akivurumisha mipira kwenye ukuta wa banda la maziwa mpaka baba yake akalalamika kwamba ng'ombe hawatulii kukamuliwa. Timu zikamchukua, na kwa miaka mingi akazunguka ligi za chini, kwenye mabasi yenye harufu ya soksi na hoteli za kando ya barabara, huku mkewe Arlene akifunga na kufungua masanduku yaleyale. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kuingizwa mchezo ukishaharibika, arusherushe mpaka watu waende zao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana huko Topeka, katika joto la Agosti. Mpigaji aliyesimama mbele yake na kigongo cha mbao aliitwa Cleon Pettway, kijana mpole wa Alabama mwenye mabega mapana. Delmar akarusha mpira wa kasi, na ulipomtoka tu vidoleni akajua kwamba umekwenda vibaya, juu na katikati, pale mpigaji anapopapenda. Aliona kigongo kikianza kuzunguka. Baada ya hapo hakuona kitu, alisikia tu: mlio wa mbao, kisha mlio mwingine uliotoka ndani ya kichwa chake. Alipokuwa chini, uwanja mzima ulinyamaza, na ukimya ule ulimtisha kuliko damu iliyomjaa mdomoni. Juu yake mtu alikuwa akirudia, "Bwana nisamehe, Bwana nisamehe." Akadhani ni padri. Alikuwa Pettway.

Madaktari waliliunga shavu kwa vyuma, jicho likapona. Kila aliyekuja kumtazama alimwambia ana bahati. Delmar aliitikia, ndiyo, bahati. Usiku alihisi mpira unamjia, na kila mara ulikuwa karibu zaidi kuliko mara iliyopita.

Machi iliyofuata alirudi mazoezini Florida. Siku ya kwanza mpigaji aliposimama mbele yake na kuinua kigongo, Delmar aliinua mguu kama alivyozoea. Akarusha. Akarusha tena. Mdakaji wake, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, Tully Broussard, mtu wa Louisiana mwenye tumbo kubwa na ulimi mwepesi, akasimama, akamfuata mpaka kwenye kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji, akaziba mdomo kwa glavu.

"Del, unafumba macho."

"Jua hilo."

"Jua liko mgongoni kwako, bwana."

Delmar akapangusa mpira kwenye suruali.

"Sikia. Ukiyafumba, siku moja utauawa. Ukiyafungua utaogopa tu. Chagua mwenyewe."

"Usimwambie kocha."

"Nimwambie nini? Kwamba mrushaji wetu yuko kwenye sala?"

Akachagua kuogopa. Na woga, ukikaa na mtu kila siku, humfundisha mambo. Delmar aligundua kwamba mpira ukimfikia mpigaji kifuani hurudi hewani, lakini ukimfikia chini ya magoti huchapwa ardhini, ukadundadunda hadi kwa wenzake. Basi akaacha ile kasi aliyojivunia tangu utoto, akajifunza mpira mzito unaozama dakika ya mwisho. Hakufanya hivyo ili ashinde. Alitaka tu usimrudie usoni. Lakini wapigaji wakaanza kuchapa vumbi, mmoja baada ya mwingine, wakirudi kwenye banda la wachezaji wanatukana.

"Sijui walikutia nini kwenye hilo shavu," kocha akasema mbele ya wachezaji wote, "ila natamani warushaji wangu wote wavunjwe."

Watu wakaangua kicheko. Delmar alikwenda chooni kutapika.

Hivyo ndivyo alivyofika ligi kuu, katika umri ambao wengine huanza kutafuta kazi ya kuuza magari. Tully alipandishwa pamoja naye. Magazeti yakamsifu kwa utulivu: mtu wa barafu, wakaandika, uso wake hausemi kitu. Nusu ya uso ule haikuweza kusema kitu, mishipa ilikuwa imekufa. Arlene peke yake ndiye aliyejua hali ilivyo nyumbani. Siku moja mfuniko wa sufuria ulimponyoka, na aligeuka akamkuta mumewe sakafuni, amejikinga kichwa kwa mikono yote miwili.

"Tuache, Del," alimwambia, akichuchumaa kando yake. "Baba yako bado ana ng'ombe."

"Nikiacha sasa hivi, nitawaogopa na hao ng'ombe."

Msimu wake wa tatu kule juu, Tully alimjia kabla ya mchezo, na siku hiyo hakuwa na mzaha. "Yule jamaa yako wa Topeka amesajiliwa na hawa tunaocheza nao leo. Nimemwona."

Delmar aliomba moyoni asiingizwe. Akaingizwa, karibu na mwisho, timu yake ikiongoza kwa nukta moja na wapinzani wawili wakiwa vituoni, wakingoja kukimbia wafunge. Na aliyetoka na kigongo alikuwa Pettway. Hawakutazamana. Mtu mmoja jukwaani, bia mkononi, akapaza sauti: "Hruska! Bado una shavu la pili, mpe!"

Mpira wa kwanza ulikwenda chini, Pettway akaupisha. Wa pili akaukosa. Wa tatu, kiganja cha Delmar kilikuwa kimelowa jasho, mpira ukamteleza. Juu. Katikati. Aliuona ukienda na akautambua, ulikuwa ni uleule. Alitaka kufumba macho, yakakataa. Aliona kigongo kikianza kuzunguka, kisha kikasita, kikasimama hewani. Mpira ukalia puu ndani ya glavu ya Tully. Mwamuzi akainua mkono: sawa, umo, kosa la pili! Na uliofuata ulikwenda chini mno, mpira wa hovyo, lakini Pettway aliupapasa kama mtu anayefukuza nyuki, akaukosa, likawa kosa la tatu, akatolewa. Wenzake Delmar walimkimbilia kumpongeza, wakamkuta bado ameiweka glavu mbele ya uso.

Jioni, Pettway alikuwa anamsubiri kwenye maegesho, ameegemea gari lisilo lake.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

 Delmar akauliza, "Mbona hukuuchapa ule? Nilikupa zawadi."

"Nilikuona," Pettway akasema. "Kila mpira wa katikati nakuona uko chini pale. Tangu Topeka napiga pembeni tu. Makocha wanasema nina mtindo mbovu. Sijawaambia kitu." Akamtazama shavu. "Linauma?"

"Baridi ikija."

"Usiteleze tena, kaka. Mimi nina watoto."

Wote wawili walicheka, vibaya, kama watu waliopaliwa, wakapeana mikono. Akiwa njiani kwenda nyumbani, Delmar aliamini kabisa kwamba mambo yamekwisha. Mchezo uliofuata alitapika kama kawaida. Pettway aliachwa na timu kabla ya msimu kuisha, akarudi Alabama kuuza matairi.

Delmar alirusha misimu mingine michache. Hakuna aliyemfukuza. Asubuhi moja tu alimwambia kocha kwamba hawezi kuuvuka ule mstari mweupe wa kuingilia uwanjani, na alipoulizwa ni bega au kiwiko, alijibu ni kila kitu. Yeye na Arlene wakarudi Wilber. Akakamua ng'ombe, na wale, kwa kweli, hakuwaogopa.

Ila binti yao, Janelle, alipofika shule ya sekondari, akachaguliwa kuwa mrushaji wa timu ya wasichana. Wasichana hurusha kutoka karibu zaidi. Delmar alimnunulia kinga ya uso yenye vyuma.

"Baba, watanicheka."

"Wakucheke."

"Wewe ulivaa?"

 Binti akaiacha kwenye gari.

Siku ya mchezo wa kwanza Delmar alikaa na Arlene jukwaani, ameshika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Janelle akarusha. Kigongo kikalia. Delmar alipojitambua alikuwa ameshafika kwenye wavu wa uzio, vidole vimepenya matundu, na watu wanamwangalia.

"Del, rudi ukae," Arlene aliita taratibu. "Mpira umekwenda kushoto. Mbali kabisa."

Hakurudi. Janelle alikuwa ameshapewa mpira mwingine, anaufuta kwenye suruali, na msichana mwingine mwenye mikono mirefu alikuwa anakuja na kigongo begani.