Meli ya Liverpool, Kaburi la Ndalu

Niliacha shule darasa la saba, lakini juzi nilimshinda bwana wa suti kwa akili. Ilikuwa ofisi ya ardhi, Bungoma, mimi nikiwa nyuma yake kwa foleni. Binamu zake wanataka kumtoa shamba la Ndalu, na huku kwetu kaburi ndilo shahidi wa shamba. Yeye akaanika makaratasi kwa kaunta kama mtu anakausha maharagwe.

“Nimechimba historia ya familia mpaka Liverpool! Meli ambayo babu alitia makaa, hii hapa. Nyumba alilala bandarini, hii hapa.”

Karani hakuinua hata miwani. “Sawa, mkubwa. Na kaburi lake liko wapi?”

Bwana akakohoa. “Si ni huko tu shambani.”

“Upande gani?”

Bwana akarudi kupekua makaratasi. Mimi kaburi la babu yangu nalijua hata gizani. Shangazi yake, aliyekuwa kwa benchi nyuma yetu, akacheka.

“Ni pale boma la ng’ombe lilikuwa. Pale wewe umepanda mahindi! Nilikuwepo tukimzika. Umeandikia Wazungu miaka miwili, mimi umewahi niuliza?”

Karani akamwita mbele, bwana akaambiwa ampishe kiti. Shangazi akaketi, akaokota karatasi ya meli, akaanza kujipepea nayo.

Kumbe Liverpool ina kazi, bana.