Spika Juu ya Kabati la Vikombe

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya redio kule Malaba, Fundi Mkuu aliniambia niondoe redio mezani, nipige meza ngumi, kisha nisikilize. Nilidhani ananichezea.

"Hiyo meza ndio spika ya pili," akasema. "Ikiwa mbovu, hata redio ya chifu itakoroma."

Hapo nikajua kumbe nusu ya ufundi wa redio ni useremala. Nyinyi vijana mnanunua spika kubwa kama mlango, halafu mnaiweka juu ya stuli ya plastiki na kulaumu kiwanda. Spika hutetemesha chochote kilichoibeba. Ubao mwembamba huitikia kama ngoma, mvule mzito hunyamaza, na mchanga humeza mtetemo. Malori ya mpakani yaliponguruma, sindano za gramafoni ziliruka, basi tukaziwekea bamba la jiwe juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli. Stendi za spika tulizichonga kwa mvule, wazi ndani, tukazijaza mchanga wa ufukwe wa ziwa kule Sio Port. Mara moja haukukauka vizuri, na sebule ya mteja ikanuka omena, wale dagaa wa ziwani, siku kadhaa. Fundi Mkuu alicheka hadi akakaa chini.

Baadaye alinituma Busia niendeshe karakana ya pili. Huko ndiko Mama Nekesa wa Bumala alikonirudishia spika ileile mara kwa mara. Marehemu mumewe aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na sauti yake ilibaki katika kaseti moja tu.

"Fundi, mzee wangu bado anakwaruza," akasema. "Jumapili ni ibada ya kumkumbuka. Wageni watamcheka."

Karakanani spika haikuwa na kasoro hata chembe. Nikafunga kazi, nikabeba stendi moja ya mvule, nikamfuata kwake. Spika ilikaa juu ya kabati la vioo, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, na vikombe vya wageni vimejaa chini yake. Kaseti ilipoanza, vikombe vyote vikalia. Niliihamishia kwenye stendi, na besi ikatoka safi, nzito. Nilijisikia bingwa.

Mama Nekesa aliusikiliza wimbo hadi mwisho.

"Iko sawa. Hivi ndio alikuwa anaimba kanisani," akasema. "Lakini akifanya mazoezi hapa, vikombe zilikuwa zinalia. Nikiwa jikoni, hivyo ndio nilikuwa najua ako ndani." Akajifuta macho, akacheka. "Jumapili wageni wamsikie hivi. Jumatatu ukuje unirudishie yeye kabatini."

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ni kazi gani ninayojivunia. Huwatajia stendi za mvule, maana ndilo jibu wanalotaka. Lakini ninayoipenda ni ya Jumatatu ile. Niliirudisha spika juu ya kabati, nikafungua kioo, nikasogeza kikombe kimoja mpaka kikagusana na mwenzake. Mama Nekesa alikuwa jikoni. Nikabonyeza kaseti, vikombe vikalia, na nikamsikia akiacha kuosha vyombo.