Kitambaa cha Bluu Kisichokatwa

Mama yangu alikuwa na chumba kizima cha vitambaa, na sisi watoto wake wawili tulilala chumba kimoja mpaka kaka yangu akaota ndevu. Nasema hili mapema ili ijulikane kwamba sikuja hapa kumtetea.

Chumba chenyewe kilikuwa cha chini, karibu na bafu, na kilikuwa na dirisha kubwa la kuingiza jua la asubuhi. Jua halikuingia, kwa sababu dirishani palipangwa magunia. Humo mlikuwa na pamba ya maua, jinzi, flaneli, mapazia ya majirani waliohama, na mashati mawili ya Baba ambayo Baba mwenyewe alikuwa bado anayatafuta. Katikati ya rundo lile kulikuwa na cherehani na kiti, na kijia cha kupita upandeupande ukiwa umevuta tumbo ndani.

Mama alishona mablanketi ya viraka. Unakata vitambaa vipande vya mraba, unaviunga mpaka vienee kitanda, chini yake unaweka blanketi kuukuu, chini ya hilo kitambaa kingine kizima, kisha unapiga mishono inayoyashika matabaka yote matatu. Ukisimuliwa, ni kazi ya wiki mbili tatu. Mama alikuwa ameanza mablanketi kumi na moja na hakuna hata moja lililowahi kufika kitandani. Baba alimwita Fundi Nusu. Blanketi la kwanza kabisa alilianza akiwa na mimba yangu, la kumfunikia mtoto mchanga. Mimi sasa nina miaka ishirini na tisa na nalipa kodi ya nyumba yangu, ingawa kila jioni nakula kwao.

Si kwamba alikuwa mvivu. Miaka yote aliyofanya kazi ya kupokea barua katika ofisi ya maji, alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye cherehani. Alishona vizuri tu. Halafu alikuwa anasimama, anatazama kazi yake kwa umbali, anakunja uso, anachukua wembe na kufumua. Kesho yake alinunua kitambaa kipya. Nilichelewa sana kuelewa kwa nini. Kitambaa kipya hakina kosa, na kisichoshonwa hakifumuliwi.

Aliyempandikiza ugonjwa huo alikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa fundi wa nguo, tena fundi wa kuogopwa, wateja wakimwamkia mara mbili. Siku Mama alipopelekwa kutambulishwa kwake, alikwenda na gauni alilojishonea mwenyewe. Bibi aliitikia salamu, akainama, akageuza pindo la gauni mbele ya watu wote, akasema neno moja: "Fumua."

Tangu siku hiyo ndilo neno lake. Alipokuja kututembelea, hakuuliza watoto hawajambo. Aligeuza mto wa kochi, akatazama mshono. "Fumua." Sare yangu ya shule: "Fumua." Na Mama alifumua kweli, usiku huohuo au kesho yake, kimya kama aliyemwagiwa maji.

Siku ya harusi Bibi alimpa kitambaa cha bluu cha pamba nzito, mita nyingi, kimekunjwa mraba safi na kushikizwa kwa uzi mweupe pande zote nne. Alimkabidhi mbele ya wageni akasema, "Usikikate mpaka ujue." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikiweka juu ya kabati kama kilivyo, na kwa miaka thelathini na moja kazi yake ikawa kukipangusa vumbi.

Sasa sikia kilichotokea. Mwaka jana Bibi aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, akavunjika mguu. Alikuwa anakaa ghorofa ya tatu na daktari akasema ngazi basi. Baba alikuja mezani na uso wa mtu aliyeshaamua.

"Mama yangu anakuja kukaa hapa," alisema. "Chumba cha chini. Akitoka hospitali, baada ya wiki sita."

"Mama yako anakaribishwa," Mama akajibu. "Vitambaa vyangu je?"

"Vitambaa vyako au mama yangu."

Mama aliegemeza kidevu mkononi, akipima. Baba alimtazama mpaka akachoka.

"Mke wangu, hilo halikuwa swali!"

Baba aliongeza kwamba kitakachobaki baada ya wiki sita atakipeleka kwa rafiki yake mwenye gereji, kikafutiwe oili. Hapo Mama alikuja juu kama moto wa kifuu. Akaapa kwamba hatanunua hata kipande, hatagawa hata uzi, atashona kila kilichomo chumbani mpaka kiishe, na kwamba mama mkwe akifika atakuta kitanda kimetandikwa blanketi zima, lililokamilika, na hatakuwa na la kusema. Alirudia hilo la mwisho mara mbili. Gereji haikumsumbua kama neno lile. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na bado aliogopa kuambiwa afumue.

"Na kile cha bluu?" nilimuuliza.

"Kile hakihesabiki."

Alianza kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa na likizo, nikapewa pasi na kazi ya kunyoosha vipande, na sikupewa shukrani. Sharti alilojiwekea lilikuwa jipya kwake: akimaliza mstari, anaupa kisogo. Wembe alinipa mimi niufiche. Nikauficha ndani ya sukari, mahali ambapo yeye, kwa sababu ya kisukari, hana ruhusa ya kufika.

Blanketi la jinzi za kaka likamalizika wiki ya kwanza, zito kiasi kwamba tulilibeba wawili. Akalichukua mlinzi wa jengo la jirani, ambaye alisema ukijifunika hilo hata mwizi akija huwezi kuinuka. Blanketi la mapazia likaisha, baya sana, nalo likaenda kwa kaka. Blanketi langu la uchanga likaisha siku ya kumi na tano. Mama alinikabidhi mikononi, dogo, la njano, akanitazama tumboni, akahema.

"Usianze," nilimwambia.

"Mimi nimesema nini?"

Wiki ya nne aliteleza. Alikwenda kununua uzi na akarudi na tumbo. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, aliyeondoka saa nne akiwa mwembamba, karudi saa sita akiwa na mimba ya miezi saba. Baba alikuwa mlangoni akipiga viatu rangi.

"Hongera," alimwambia. "Wa kike au wa kiume?"

Mama alijikausha, akapita. Baba akavuta ncha iliyochungulia chini ya blauzi, na mita tatu za kitambaa cha ndege wekundu zikamtoka Mama kiunoni huku akizunguka. Tulicheka mpaka Baba akaangusha kiwi. Mama alinuna siku nzima, halafu akasema kwamba kwa kuwa kitambaa kimeshaingia ndani, na kiapo ni kushona kila kilichomo, basi ndege nao watashonwa. Mwanasheria gani angemshinda huyu?

Ndege ndio waliomponza. Aliwaweka kwenye blanketi la mwisho, la kitanda cha Bibi, ndege mmoja kila mraba, kati ya miraba ya rangi tupu. Ilipofika Alhamisi ya wiki ya sita magunia yalikuwa yamekwisha, jua likaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sakafu kumbe ilikuwa ya kijani. Bibi alikuwa anakuja Jumamosi. Kilichokosekana ni kitambaa kizima cha chini, na ndani ya nyumba palibaki kimoja tu cha ukubwa huo.

Mama alikishusha kile cha bluu, akakiweka mezani, akashika mkasi. Akaugusa uzi mweupe kwa ncha ya mkasi, akauacha.

"Bado sijui," alisema.

"Mama, umeshona mablanketi kumi ndani ya wiki tano."

"Nimesema bado."

Niliumia kumwona hivyo, na nikakasirika pia, ila si naye. Basi akaunga mabaki, vipande virefu na vifupi, mpaka vikatosha kuwa upande wa chini, na Ijumaa alasiri akapiga mshono wa mwisho. Tukatandika kitanda. Kitambaa cha bluu, na uzi wake mweupe, Mama akakiweka kwenye rafu juu ya kitanda, ili Bibi aone kilivyotunzwa.

Bibi alifika Jumamosi na magongo mawili, akamwamuru dereva ashike mlango vizuri, akamwamuru Baba anyoe. Aliingia chumbani, akaketi kitandani. Alikuwa amepungua, na miwani ilikuwa mizito kuliko niliyoizoea. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani. Bibi akaanza kulipapasa blanketi, mraba kwa mraba, akigeuza ukingo, akikwaruza mshono kwa ukucha. Alikwenda hivyo mstari wa kwanza, akaenda wa pili, na nikaona mabega ya Mama yanashuka kidogo. Kidole kikasimama.

"Huyu ndege amekufa?"

Tukasogea. Katika mstari wa tatu, mraba mmoja ulishonwa juu chini. Ndege wote walikuwa wanaruka, yeye peke yake amelala chali, miguu juu. Hakuna aliyekuwa amemwona.

"Fumua," Bibi akasema.

Mama aligeuka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wembe uko wapi?" Nilitaka kulia. Nikasema sijui, nikijua ni mara ya kwanza ninamdanganya mama yangu kwa ajili yake.

Bibi akainua macho kutafuta mahali pa kuegemeza gongo, na ndipo akaiona rafu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kile ni nini?"

"Ni kitambaa chako, Mama. Cha harusi."

"Hujakifungua?"

"Uliniambia nisikikate mpaka nijue."

Bibi alishika magongo yake kama mtu anayetaka kuondoka. Sijawahi kumwona Bibi akitafuta mlango, na kusema kweli nililifurahia. "Kitakuwa kimeoza," akasema. "Kitupe. We mjukuu wangu, kichukue ukakitupe."

Mama hakunipa nafasi. Yeye ni mtu wa barua: kwa miaka thelathini amepokea bahasha za watu na anajua bahasha inayoogopwa. Alikishusha kitambaa, akachukua mkasi, na safari hii hakuuacha uzi. Uzi mweupe ukakatika, tat, tat, tat, pande zote nne. Akakikung'uta kikafunguka kitandani, juu ya ndege.

Kilikuwa kimekatwa. Katikati kulikuwa na matundu mawili makubwa, na vipande vilivyotoka humo vilikuwa vimekunjwa ndani, vikadondoka sakafuni. Mama akaviokota, akavilaza kimoja juu ya kingine. Vilikuwa mikono ya koti. Akakigeuza kimoja, akakirudisha, akakigeuza tena. Hata mimi nisiyejua kushona niliona. Yote miwili ilikuwa ya mkono wa kushoto.

Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Anakata mkono mmoja, halafu anasahau kupindua kitambaa kabla ya kukata wa pili.

"Ilikuwa nguo ya mteja," Bibi akasema, akitazama magongo yake. "Wiki ileile ya harusi. Nilikuwa na haraka. Ningeuweka wapi uso wangu? Na zawadi sikuwa nayo nyingine."

"Kwa hiyo ukanipa mimi."

"Nikakishikiza. Nikasema lile neno ili usikifungue karibuni. Nilidhani utakifungua baada ya mwaka, utaniona mjinga, tutacheka yaishe." Akasita. "Hukufungua. Mimi nikaona aibu kusema."

"Miaka thelathini na moja, Mama."

"Mavi ya kale hayanuki, mwanangu."

"Yananuka," Mama akasema. "Yamenuka nyumba nzima."

Baba, aliyekuwa mlangoni na sanduku mkononi, alirudi nyuma hatua mbili akapotea. Mama aliketi kitandani kando ya mama mkwe wake, mikono ile miwili mapajani. Alilia kidogo, kwa hasira, na hakuficha. Bibi hakumgusa wala hakuomba msamaha kwa maneno. Alikaa tu naye mpaka akamaliza, halafu, kwa kuwa mazoea yana taabu, akagusa tena ule mraba wa ndege.

"Lakini huyu bado ni wa kufumua."

"Sifumui," Mama akasema.

Bibi akamtazama.

"Sifumui, Mama. Alale hivyohivyo. Wewe utalala chini yake."

Na ndivyo anavyolala mpaka leo, na ndege wake maiti usawa wa goti. Wembe nimeutoa kwenye sukari, nao Mama anachongea penseli.

Kitambaa cha bluu alikishona wiki iliyofuata. Alipima, akakata mgongo, kola na mbele, yote sahihi, mishono iliyonyooka ambayo hata mimi niliipapasa. Likawa koti la kuvaa kitandani asubuhi kukiwa na baridi. Mikono hakukata mipya. Alipachika ileile, na Jumapili akamvalisha Bibi mwenyewe, akafunga vifungo mpaka shingoni.

Bibi aligeuza kola, akautazama mshono kwa karibu. Akainua mkono wa kushoto, ukakaa vizuri. Akainua wa kulia, ukajisokota kwapani na kumvuta bega. Akafungua mdomo. Mama alikuwa amesimama mbele yake amejishika kiuno, anangoja. Bibi akafunga mdomo.

"Mkono wa kulia unabana," alisema mwishowe.

"Najua," Mama akajibu, akaenda kuchemsha chai.