Shati la Elimringi

Siku aliyokwenda kununua vitenge vya kuondoa matanga ya mumewe, mwaka mmoja baada ya mazishi, Scholastique alinunua vya aina mbili.

Cha kwanza kilikuwa cha buluu iliyokolea, kina ndege weupe. Hicho ndicho sare ya familia. Kwa watu wa Bukavu, hata wale waliohamia Garland kule Marekani na kuzoea baridi ya viyoyozi, sare ya matanga si nguo ya kupigia picha tu. Mjane ndiye anayeichagua na ndiye anayeigawa. Ukiivaa siku ile umehesabiwa miongoni mwa wafiwa: unakaa mbele, unapewa kipaza sauti, na kesho ukisema marehemu alikuwa wako, hakuna wa kukubishia. Cha pili kilikuwa cha rangi ya chungwa, kina majani. Hicho ni cha kamati ya jikoni, wapakua wali na wakusanya sahani.

"Yaya, hiki cha jikoni umenunua kingi," alisema mdogo wake Rosette, kiongozi wa kamati hiyo. "Sisi tuko wachache."

"Kuna mwenzenu anatoka Houston."

"Nani?"

"Elimringi."

Rosette alishika mdomo. Halafu kicheko kikampenya katikati ya vidole.

Marehemu Bisimwa alikuwa fundi viatu kule Bukavu. Garland alipata kazi katika karakana ndogo iliyoshona kinga za miguu za makipa, wale wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Yeye mwenyewe hakuteleza barafuni hata mara moja. Siku ya kwanza alipopelekwa uwanjani alirudi akitetemeka na kusema kwamba Wamarekani wamejenga jokofu wakaliwekea viti. Lakini alirudi tena, na tena, akasimama nyuma ya kioo akiwatazama makipa miguu tu. Akaona kazi yao ni kupiga magoti. Kipa anaanguka kwa magoti, anainuka, anaanguka upya, na kile kisahani cha mpira mgumu kinamjia kama jiwe la teo.

Kumbe nyumbani alikuwa na mtu wa magoti. Magoti ya Scholastique yaliumia kambini walipokuwa wakimbizi, kwa kusugua sakafu ya zahanati na kwa kusali juu ya changarawe. Huko huko Bisimwa alimshonea mto kwa kipande cha godoro kuukuu, akaukata mteremko kwa ndani, goti likatulia na mguu ukainuka bila kuvutwa. Sasa akautoa ule mto sandukuni.

"Mama," akamwambia, "uniazime magoti yako."

Ikawa kila jioni anampigisha magoti sebuleni. Anachora kwa chaki juu ya zulia, anakata, anashona, anafumua. "Inuka. Anguka. Inauma wapi?" Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio, wakacheka hadi wakaketi. Kutoka katika magoti yale ndiko ilikozaliwa kinga iliyompa Bisimwa jina. Makipa wa Dallas walimjia, kisha wa Houston. Walimwita Bisi, nao walikuwa radhi kungoja msimu mzima kuliko kuvaa kazi ya mtu mwingine.

Elimringi, Mchaga wa Moshi, alishona naye meza moja na kula kwake kila Jumapili. Bisimwa alipoanza kuugua moyo, Elimringi alihamia Houston pamoja na pateni zote, zile karatasi za kukatia, akafungua karakana yake. Hilo Bisimwa alilisamehe. "Mwache, ana watoto," alisema, akageukia ukuta. Aliyakunja maneno yake hivyo hivyo mpaka alipofariki.

Scholastique naye labda angesahau, kama asingeiona ile video. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Elimringi alisimama mbele ya kamera na aproni safi, akieleza jinsi wazo la kinga ya goti lilivyomjia utotoni, akimtazama mama yake akisugua sakafu kule Moshi.

"Mama yake nimeongea naye kwa simu," Scholastique alimwambia Rosette. "Ana kahawa na wafanyakazi wa kuichuma. Sakafu gani alisugua? Alichukua pateni, nikanyamaza. Alichukua jina la mume wangu, nikanyamaza. Sasa amechukua na magoti yangu."

Naye Elimringi alikuwa amejileta mwenyewe, hata kabla vitenge havijanunuliwa. Alikuwa amesikia kwamba makipa wa Dallas watahudhuria matanga, na mkubwa wao, Travis, alikuwa amewaambia watu kwamba hatavaa kazi ya Houston mpaka aone familia ya Bisi imeibariki. Akapiga simu.

"Shemeji, mimi jamani si mtu wa nje. Nitumie na mimi sare."

"Nitakutumia, shemeji," Scholastique alijibu, sauti yake laini kama samli. "Nipe vipimo tu."

Shati lile la chungwa alilishona kwa mkono wake. Alilitia marinda ya kifua na kulidarizi shingoni kwa uzi wa dhahabu, ili mtu akilifungua asiwe na shaka. Alipokuwa anakaza kifungo cha mwisho, alikumbuka kwamba hakuwahi kumshonea Bisimwa shati la namna ile. Akakata uzi kwa meno.

Jumamosi ile ukumbi wa kanisa ulikuwa wa buluu kutoka ukuta hadi ukuta. Makipa walikaa mbele, majitu mekundu ya shingo, ndege weupe wakiwatanuka mabegani. Elimringi aliingia akitabasamu, mikono imefunguka tayari kukumbatia. Alikuwa amefika katikati ya viti ndipo alipoangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akajiangalia kifua.

"Papa!" bibi mmoja akamwita, akimpungia chupa. "Hii soda iko moto. Uniletee ya baridi."

"Na huku hatujapata pilipili!" akaongeza mzee Omer, shemeji wa marehemu. "Weye wa shingo ya dhahabu, njoo basi! Ama jikoni siku hizi munavaa kama bwana harusi?"

Meza nzima ilicheka. Elimringi alimfuata Scholastique.

"Shemeji, naona kuna kosa limetokea."

"Kosa gani? Shati halikukaa?"

"Limekaa, lakini..."

"Basi. Rosette anakungoja."

Angeweza kuondoka. Lakini Travis alikuwa anamtazama, na kuondoka kungekuwa kumjibu kwamba baraka hakuna. Akapokea sinia. Akapeleka soda, akapeleka pilipili, akainama kila mahali alipoitwa, na aliitwa sana, maana Rosette alikuwa amepita meza kwa meza akinong'ona.

Alipokuja jikoni mara nyingine, jasho likimtiririka, Scholastique alikuwa mlangoni.

"La buluu pia nimelishona, kwa vipimo vyako hivyo hivyo. Nenda mbele uwaambie lile goti lilikuwa la nani."

"Mbele ya wateja? Shemeji, utaniua."

"Ulisema kwenye video. Sema na hapa."

Aliweka sinia mezani. Kisha akaenda. Alisema kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kipaza sauti. Wazo halikuwa lake. Mama yake hakuwahi kusugua sakafu. Kinga ilikuwa ya Bisimwa, na magoti yalikuwa ya mke wa Bisimwa.

Ndipo Travis alipoanza kupiga meza kwa kiganja, na makipa wote wakafuata, polepole kisha kwa kishindo, kama wanavyogonga magongo yao barafuni wanapomheshimu mtu. Walikuwa wamegeuza nyuso zao kwenye picha ya Bisi. Elimringi hakutazamwa na hata mmoja.

Alirudi kwa Scholastique akanyoosha mkono.

"Nimesema."

"Umesema vizuri, shemeji. Asante."

"Na shati?"

"Kuna masufuria ya pilau, yameshika chini. Rosette atakuonyesha sabuni."

"Uliniahidi!"

"Na Bisimwa ulimwahidi nini, kila Jumapili, ukila ugali wangu?"

Elimringi akatoka kwa mlango wa nyuma, na kupitia dirishani walimwona akihangaika kuvua lile shati kando ya gari, likimng'ang'ania shingoni pale penye dhahabu, watoto wa waumini wakisimamisha mpira wao kumtazama.

Scholastique alitazama mpaka gari lilipoingia barabarani. Utamu ulikuwepo. Alikuwa ameungoja mwaka mzima na haukumdanganya.

"Yaya," Rosette alisema taratibu, "Bisimwa angempa ile ya buluu."

"Najua. Angeivua mwilini mwake akampa." Alijifuta mikono kwenye kitenge, akageukia ukumbi uliokuwa bado unavuma kwa viganja. "Ndiyo sababu nilingoja asiwepo."